Shinikizo la chini la damu katika ganzi ya uzazi

Shinikizo la chini la damu katika ganzi ya uzazi ni hali inayompata mara nyingi mama anayejifungua kwa upasuaji baada ya kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa kuwa dawa hiyo huzima pia neva zinazoibana mishipa ya damu, nayo hulegea na kutanuka. Mama hushikwa na kichefuchefu na kizunguzungu, na hali ikidumu mtoto hupungukiwa oksijeni, maana damu ipitayo kwenye kondo la nyuma hutegemea shinikizo la mama.

Ili kupandisha shinikizo hilo, kwa miaka mingi ilipendelewa dawa ya efedrini, hasa kutokana na majaribio ya kondoo wenye mimba. Baadaye ilibainika kwamba huvuka kondo, huchochea umetaboli wa kijusi na kuongeza asidi katika damu ya kitovu kuliko fenilefrini, dawa nyingine ya kupandisha shinikizo, ambayo kasoro yake ni kupunguza mapigo ya moyo wa mama. Mapendekezo ya kimataifa ya 2018 yaliitanguliza fenilefrini, pamoja na dripu na kuuelekeza mji wa mimba kushoto usikandamize vena kuu, yakilenga shinikizo la sistoli, yaani la moyo unapojikaza, lisishuke chini ya asilimia 90 ya kiwango cha awali. Palipo na efedrini pekee, ni heri itumike kuliko kuacha shinikizo liporomoke.