Bugatti lililozamishwa ziwani kwa deni la ushuru

Liko gari moja, Bugatti, lililosajiliwa mara ya kwanza katika mji wa Nancy, Ufaransa, Aprili 1925. Maana yake limekwisha kuvuka miaka 100, na zaidi ya 70 kati ya hiyo limeimaliza chini ya Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, likiwa limelala ubavu kwenye tope. Rangi halina. Injini yake haiwaki. Bodi imetobokatoboka kama jani lililoliwa na viwavi. Pamoja na hayo yote, Januari 2010 alipatikana mtu wa kulitolea euro 260,500.

Mtu huyo alikuwa Peter Mullin, tajiri wa California mwenye mapenzi na magari ya Kifaransa. Alifariki Septemba 2023, na makumbusho yake ya mjini Oxnard, ambako gari hilo lilikuwa kivutio kikubwa, yakafungwa Februari 10, 2024. Kufungwa huko kumeamsha tena ubishi wa siku nyingi: gari hili lilikuwa la nani, na lilifikaje majini? Kwamba kulikuwa na ushuru usiolipwa, pande zote mbili zinakubali. Zinagombania jina la mdaiwa.

Tuanze na gari lenyewe, kwa ufupi, maana vitabu juu yake vipo vingi. Ettore Bugatti alizaliwa Milano mwaka 1881 na kufungua kiwanda chake Molsheim, Alsace, mwaka 1909, wakati eneo hilo likiwa bado chini ya Ujerumani. Mwaka 1921 vigari vyake vidogo vilishika nafasi nne za kwanza katika mashindano ya Brescia, Italia, na tangu siku hiyo jina la mji huo likaganda kwenye magari ya aina hiyo. Hili letu ni Type 22 Brescia, lenye viti viwili, injini ya lita moja na nusu, silinda nne na valvu 16. Kwa wakati wake lilikuwa gari la kijana mwenye fedha na haraka.

Sasa ugomvi. Simulizi inayopendwa zaidi inasema gari lilikuwa la René Dreyfus, dereva wa mashindano kutoka Nice, yule aliyeishangaza dunia mwaka 1930 kwa kushinda Monaco Grand Prix akiwa na Bugatti la binafsi na kuwaacha nyuma madereva wa kiwanda. Mwaka 1934, inasemekana, Dreyfus alikuwa Paris akinywa na kucheza poka na Mswisi mmoja mpenda starehe aitwaye Adalbert Bodé. Usiku ukawa mrefu, chupa zikawa nyingi, na kulipokucha gari lilikuwa limebadili mwenyewe. Bodé akaliwasha kuelekea kwao. Mpakani akaambiwa alipe ushuru, akajipapasa mifuko, akaona hakuna kitu. Akaliacha pale pale na kuondoka kwa miguu. Maofisa wa forodha, baada ya kukosa wa kumdai, wakalisukumia ziwani.

Ni hadithi tamu. Ina karata, ina ulevi, ina bingwa, na inamwacha ofisa wa serikali akionekana mjinga, jambo ambalo halijawahi kukosa wasikilizaji popote duniani. Kasoro yake inaanza kuonekana ukifungua ramani. Mtu anayetoka Paris kwenda Uswisi huingilia Basel, Geneva au hapo katikati. Bugatti lilikutwa Ascona, jimbo la Ticino, kusini kabisa mwa nchi, ng'ambo ya milima ya Alps, ambako watu huzungumza Kiitaliano. Ili alitelekeze huko, Bodé angelazimika ama kuzungukia Italia, ama kulivusha gari milimani baada ya kuwa amekwisha kuingia nchini. Na kama amekwisha kuingia, ushuru wa mpakani unatoka wapi tena?

Liko na jambo la pili. Mwaka 1934 Dreyfus alikuwa dereva wa kiwanda cha Bugatti chenyewe, na mwaka huo huo aliwashindia Grand Prix ya Ubelgiji. Kwamba mtu kama huyo alikuwa akimiliki Brescia kuukuu la miaka tisa si jambo lisilowezekana, lakini linahitaji ushahidi mzito kuliko neno la mlevi.

Simulizi ya pili haina karata hata moja. Inatoka kwenye katalogi ya Bonhams, kampuni ya mnada iliyoliuza gari, na inaanza na namba: chasisi 2461, injini 879. Pamoja na namba hizo lilipatikana bamba dogo la shaba lenye jina na anwani ya mtu wa Paris, na mabaki ya namba za usajili za mji huo. Kwa vipande hivyo wataalamu waliweza kulifuatilia gari kutoka Nancy mwaka 1925 hadi Paris mwaka 1930. Katika mlolongo huo wa wamiliki Dreyfus hayumo.

Aliyemo, mwishoni, ni msanifu majengo wa Zurich mwenye asili ya Poland, kwa jina Schmuklerski, aliyeishi Ascona kati ya 1933 na 1936. Inaaminika kwamba yeye ndiye aliyelileta gari Uswisi. Mwaka 1936 alihama na kuliacha. Forodha walipochungulia karatasi zake wakagundua kwamba ushuru wa kuliingiza nchini haukuwa umelipwa. Sheria, kwa maelezo ya Bonhams, iliwataka waliharibu. Gari lilikuwa na zaidi ya miaka kumi, thamani yake imekwisha kushuka, na kodi inayodaiwa ilikuwa kubwa kuliko bei yake. Msomaji aliyewahi kuagiza gari la mtumba kutoka Japani, akasimama bandarini Mombasa au Dar es Salaam na karatasi ya makadirio mkononi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wale maofisa. Hawakulikata wala kulichoma moto. Walilifunga mnyororo wakalishusha majini, ili kwamba siku mwenyewe akirudi na fedha liweze kuvutwa juu. Sheria ilisema gari liondolewe, nao wakaliondoa machoni. Lakini mwenyewe hakurudi. Miaka ikapita, mnyororo ukaliwa na kutu, ukakatika, na Bugatti likateleza hadi kina cha takriban mita 53.

Mimi naiamini hii ya pili, na si kwa sababu tu imeandikwa kwenye karatasi nzuri. Hakuna mtu angekaa chini atunge hadithi yenye msanifu majengo, faili la ushuru na mnyororo. Bonhams, ikumbukwe, walikuwa wakiuza, na kwa muuzaji hadithi ya poka ingekuwa tangazo la bure. Hata hivyo waliandika ya forodha.

Ascona hawakulisahau kabisa. Wavuvi na wazee walikuwa wakisema kuna gari chini. Agosti 1967 mpiga mbizi wa klabu ya hapo, Ugo Pillon, akalifikia na kuthibitisha kwamba wazee hawakuwa wakiota. Tangu hapo likawa kituo cha wapiga mbizi wazoefu tu, maana kina kile kinapita mita 40 ambazo mpiga mbizi wa kujifurahisha hushauriwa asizivuke. Kwa takriban miaka arobaini walishuka, wakaligusa, wakapanda. Lilikuwa lao bila kuwa la mtu.

Lilitolewa kwa sababu ya msiba. Februari 2008, wakati wa kanivali ya Locarno, mji wa jirani, Damiano Tamagni, kijana wa miaka 22, alipigwa na vijana watatu hadi kufa. Familia ilianzisha mfuko kwa jina lake wa kupambana na ukatili miongoni mwa vijana, na klabu ya wapiga mbizi ikaamua kulitoa gari na kuliuza ili fedha ziingie humo. Kazi ilifanywa na watu wa kujitolea, na Julai 12, 2009 kreni ikalinyanyua mbele ya umati, maji ya tope yakimwagika kutoka kila tundu.

Upande uliokuwa wazi majini ulikuwa umeliwa sana. Ule uliozama kwenye tope ulihifadhika. Maji baridi yasiyo na chumvi yalisaidia. Lingezamishwa baharini, pengine leo tungekuwa na doa jekundu kwenye mchanga.

Mnadani Paris, katika maonyesho ya Rétromobile, walitarajia euro 70,000 hadi 90,000. Bei ikapanda hadi karibu mara tatu ya matarajio ya juu. Mullin angeweza kulipeleka kwa mafundi likarudi kung'aa. Fedha na mafundi alikuwa nao. Aliamua libaki lilivyo, kutu na matundu yake, na hapo kwa maoni yangu alionyesha akili kuliko wakusanyaji wengi wa rika lake. Brescia zinazong'aa zipo. Lenye mikunjo ya ziwani ni hili.

Nasema hivyo nikitazama kwetu. Peugeot 404 lilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, likabeba maharusi, wagonjwa na magunia kuanzia pwani hadi maziwa makuu. Leo yaliyosalia unayakuta nyuma ya gereji, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, yakisubiri mnunuzi wa chuma chakavu aje na mizani yake. Hakuna anayeuliza namba ya chasisi. Lile la Ascona limejulikana kwa sababu kulikuwa na mtu Ufaransa aliyeandika namba kwenye daftari mwaka 1925, na mwingine aliyelitunza daftari.

Baada ya Oxnard kufungwa, sehemu ya mkusanyiko wa Mullin ilipigwa mnada Aprili 2024. Dreyfus mwenyewe alihamia Marekani mwaka 1940, akajiunga na jeshi la huko, kisha akafungua mgahawa New York na ndugu yake, wakauita Le Chanteclair. Alifariki mwaka 1993, miaka 16 kabla ya kreni kufika Ascona, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumwonyesha mabaki yale na kumuuliza kama kweli aliwahi kulipoteza kwenye poka.