Mbiu ya baharini ina historia na sarufi yake

“Redio hii inasikia, mwalimu, lakini haisemi.”

Maneno hayo niliambiwa na nahodha mmoja tukiwa kusini mwa Kisite, mwishoni mwa msimu wa kusi. Tulikuwa watu tisa katika mashua ya matembezi. Mashine ilikuwa imezima, mkondo unatusukuma, na simu zetu za mkononi hazikuwa na netiweki. Kwenye redio tuliwasikia manahodha wengine wakisalimiana na kuulizana pomboo wameonekana wapi. Kila mzee alipobonyeza kitufe ili aombe msaada, taa ya redio ilififia, kisha ikazima kabisa. Akikiachilia, ikawaka tena, na sauti za wenzake zikarudi wazi kana kwamba wako hapo nyuma yetu. Mwishowe tuliokolewa na kikoi. Abiria mmoja alikipepea hadi mashua iliyokuwa ikirejea Shimoni ikatuona.

Kwa fundi, maelezo ya mkasa huo ni mepesi. Redio ya kawaida ya mashua, yenye nguvu ya wati 25, hutumia chini ya ampea moja inaposikiliza, lakini inaposema huhitaji takriban ampea tano. Betri iliyochoka, au waya ulioliwa na chumvi, huweza kuilisha redio inayosikiliza na kushindwa kuilisha inayosema. Kwa hivyo mtu hudhani redio yake ni nzima kwa sababu anasikia watu, kumbe amebaki na sikio bila ulimi.

Mimi si fundi, ni mwalimu wa Kiswahili, na sentensi ya yule mzee imekuwa ikinirudia kwa sababu nyingine. Nimeanza kuamini kwamba mabaharia wadogo wa Diani, Gazi, Msambweni na Shimoni, kwa upande wa lugha, wako katika hali ile ile ya redio yetu. Wamepewa chombo cha kuombea msaada, ila hawajapewa maneno ya kuombea. Ili tuelewe ilivyokuwa hivyo, yatubidi turudi nyuma kidogo.

Tuanze na jina. Wazee wetu walipokutana na mawasiliano yasiyopitia nyaya, waliyaita simu ya upepo. Neno simu asili yake ni Kiajemi, sim, lenye maana ya waya. Basi ukilitafsiri jina hilo neno kwa neno utapata “waya wa upepo”. Ni jina zuri, lakini lina mtego. Simu, kama tunavyoijua, humwita mtu mmoja. Redio ya baharini haiko hivyo. Anayesema kwenye chaneli 16, yaani masafa ya megahezi 156.8, husikiwa na kila aliyewasha redio katika eneo lake. Kwa tabia yake, chombo hiki ni ndugu wa mbiu kuliko simu. Mbiu ilikuwa pembe iliyopigwa ili mji mzima usikie, na ndiyo maana tukaambiwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo yadai mambo mawili: mpigaji asiipige ovyo, na msikiaji asipuuze.

Dunia ilijifunza madai hayo mawili kwa gharama kubwa. Ishara ya SOS ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa mjini Berlin mwaka wa 1906. Watu wengi hudhani ni kifupisho cha maneno fulani ya Kiingereza. Sivyo. Ilichaguliwa kwa sababu katika msimbo wa Morse ni rahisi kuigonga na vigumu kuikosea: nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic ilipogonga siwa barafu, ishara zake ziliruka vizuri. Meli ya Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini mhudumu wake wa redio alikuwa amezima mitambo na kwenda kulala. Mhudumu wa Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, naye alikuwa akijitayarisha kulala, ila bado alikuwa na visikizi masikioni. Watu zaidi ya 700 waliopona walipona kwa sababu hiyo. Miaka miwili baadaye, mataifa yalikutana London na kutunga mkataba wa usalama wa maisha baharini, uliotaka meli zinazohusika ziwe na mtu wa kusikiliza redio usiku na mchana.

Baadaye ukazuka utaratibu ninaoupenda sana. Saa za ukutani katika vyumba vya redio melini zilichorwa vipande vyenye rangi. Kila zilipofika dakika hizo, mara mbili katika kila saa, wahudumu wote walinyamaza kwa dakika tatu na kutega sikio, huenda kuna mnyonge anayeita kwa sauti dhaifu. Fikiria bahari nzima ikinyamaza ili imsikie mmoja.

Mayday nayo ilizaliwa katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ndege nyingi zilikuwa zikisafiri kati ya hapo na Paris, na afisa wa redio Frederick Mockford alitakiwa kupendekeza neno ambalo Mwingereza na Mfaransa wangelielewa bila kukawia. SOS haikufaa kwa sauti, maana herufi S husikika vibaya redioni. Akalichukua la Kifaransa, m’aidez, “nisaidieni”, akaliandika kwa masikio ya Kiingereza. Mwaka wa 1927, mkutano wa kimataifa uliofanyika Washington ulilipitisha rasmi. Kwa istilahi za isimu, huo ni utohozi mtupu. Neno linaloheshimika kuliko yote baharini ni la mkopo, lililopindwa ili liingie kinywani mwa mtumiaji.

Je, pwani yetu ilikuwa wapi wakati huo? Ilikuwa vitani. Siku chache baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Uingereza HMS Astraea ilikishambulia kwa mizinga kituo cha redio cha Wajerumani, Dar es Salaam. Katika vita vya pili, mwaka wa 1942, Waingereza waliichukua shule ya Allidina Visram, Mombasa, wakaifanya kituo cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Ndiyo kusema, kwa muda mrefu mlingoti wa redio ulikuwa mali ya dola na manowari. Mvuvi wa Gazi aliuona kwa mbali tu.

Mambo yamebadilika, tena kwa kasi. Kituo cha eneo cha kuratibu uokoaji baharini kilifunguliwa Mombasa mwaka wa 2006. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Kenya kilizinduliwa mwaka wa 2018. Redio mpya zina kitufe chekundu cha dharura. Ukikishikilia, chombo kinatuma chenyewe, kupitia chaneli 70, nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu tisa, ambayo kwa vyombo vya Kenya huanza na 634, pamoja na mahali kilipo ikiwa kimeunganishwa na setilaiti. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa leseni. Vifaa vipo. Lakini muulize nahodha akuonyeshe maneno ya kusema baada ya kitufe, atakupa kijitabu cha Kiingereza. Misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, iliyoidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka wa 2001, ni ya Kiingereza.

Najua nitaambiwa kwamba meli ziendazo Kilindini zina mabaharia wa Ufilipino, India na Ugiriki, na kwamba bila Kiingereza hawataelewana. Ni kweli, na nahodha anayekijua asikiache. Ila hebu tupige hesabu. Mawimbi ya redio hii husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo umbali wake hutegemea urefu wa eriali. Eriali iliyo mita 4 juu ya maji huona takriban kilomita 8. Mashua mbili za namna hiyo zitasikizana kwa kilomita kama 16. Redio ya mkononi ya mtu aliyeketi, mita moja juu ya maji, haivuki kilomita 4 au 5 kabla ya upeo wake kuishia. Basi atakayekusikia kwanza ukiwa Kisite ni nani? Ni jirani. Ni nahodha wa Wasini, mvuvi wa Vanga, kijana wa boti la kioo kutoka Diani. Hao wote wana Kiswahili. Fizikia yenyewe imekwisha kuamua lugha ya mwito wa kwanza.

Na sarufi ya mwito ni fupi, inatafsirika bila jasho. Chukua chombo cha kubuni, Salama: “Meidei, meidei, meidei. Hapa ni mashua Salama, Salama, Salama. Meidei, Salama. Tuko maili mbili kusini mwa Kisite. Mashine imezima na maji yanaingia. Tunataka kuvutwa. Tuko watu tisa, wote wana maboya. Ova.” Tazama mpangilio wake. Mahali pametangulia shida, kwa sababu redio ikikatika hapo, angalau wanajua waje wapi. Katika mazungumzo yetu ya kawaida huwa tunaanza na kisa: “Wallahi jamaa, mashine imetuchezea tangu asubuhi…” Tabia hiyo, nzuri barazani, yaweza kuua baharini. Ndiyo sababu mwito hufundishwa na kukaririwa kabla ya siku ya balaa. Na ikiwa hakuna hatari ya kupotea kwa chombo au maisha, meidei isitamkwe. Mbiu haipigwi ovyo.

Lakini ulimi hausemi bila mwili mzima. Yule mzee nilimtembelea baadaye, akanionyesha alichokigundua: nyuma ya redio, pale waya wa betri ulipoungwa, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Aliukata, akaunga upya na kuufunga usiingie unyevu. Siku hizi huifuta redio kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kila jioni, huikagua fyuzi na shina la eriali, na kabla ya kung’oa nanga humwita mwenzake kwenye chaneli ya kazi, si chaneli 16, kumuuliza kama anamsikia. Kusikia mwenyewe hakumtoshi tena.

“Na kile kijitabu?” nikamuuliza.

Akacheka. Alikata kipande cha katoni, tukayaandika pamoja maneno ya mwito kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili, tukiacha pengo la mahali na la idadi ya watu. Akakifunika kwa karatasi ya plastiki na kukitundika kando ya redio. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuniambia kwamba nahodha wa mashua ya pili amekuja kukinakili.