Kupima Utendaji wa Polisi kwa Malengo ya Kupunguza Uhalifu Mitaani: Mfano wa Jiji la London

Serikali au Jeshi la Polisi linapotangaza kuwa uhalifu katika jiji fulani umepungua kwa asilimia kadhaa, mwananchi ana haki ya kufahamu takwimu hiyo imepatikana kwa njia gani, imehesabiwa na nani, na imelinganishwa na kipindi kipi. Makala haya yanaeleza namna utendaji wa polisi unavyopimwa kwa malengo ya kupunguza uhalifu katika makazi ya watu, faida za utaratibu huo, na kasoro zinazoweza kujitokeza. Mfano unaotumika ni wa Jiji la London nchini Uingereza, ambako malengo ya aina hiyo yaliwekwa hadharani mwaka 2013 na kufutwa mwaka 2017, baada ya mjadala mkubwa kuhusu uaminifu wa takwimu za polisi katika England na Wales.

Chimbuko la utaratibu

Mfumo wa kisasa wa kuwapima viongozi wa polisi kwa takwimu za eneo lao ulipata umaarufu katika Jiji la New York, Marekani, mwaka 1994, chini ya Kamishna William Bratton. Mfumo huo ulioitwa CompStat ulikuwa na hatua nne: kukusanya taarifa sahihi na za wakati, kupeleka askari kwa haraka mahali panapohitajika, kutumia mbinu zinazofaa, na kufuatilia matokeo bila kuchoka. Wakuu wa vituo waliitwa mara kwa mara mbele ya uongozi wa juu, ramani za uhalifu zikiwekwa wazi, nao wakatakiwa kueleza kwa nini matukio yameongezeka katika eneo lao na hatua walizochukua.

Uhalifu mjini humo ulipungua sana. Watu 2,245 waliuawa mwaka 1990, ilhali mwaka 2014 waliouawa walikuwa 333. Wataalamu wanatofautiana kuhusu kiasi cha mafanikio hayo kinachopaswa kuhesabiwa kwa mfumo huo, kwa kuwa katika miaka hiyo uhalifu ulipungua pia katika miji mingine mingi ya Marekani. Aidha, kamati iliyoteuliwa na uongozi wa polisi wa New York ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuwa udhaifu wa usimamizi uliruhusu baadhi ya makosa kuandikwa chini ya uzito wake, na kwamba jambo hilo liliweza kuathiri takwimu zilizotangazwa. Kwa hiyo, manufaa ya mfumo huo na hatari yake vilianza kuonekana katika jiji hilohilo.

Malengo ya London, 2013 hadi 2016

Mwezi Januari 2012, usimamizi wa polisi wa London ulihamishiwa katika Ofisi ya Meya ya Polisi na Uhalifu. Mwaka uliofuata, Meya Boris Johnson alitangaza mpango wa miaka mitatu uliokuwa na malengo makuu matatu: kupunguza makosa saba ya mitaani kwa asilimia 20, kuongeza imani ya wananchi kwa polisi kwa asilimia 20, na kupunguza gharama kwa asilimia 20.

Makosa saba yaliyochaguliwa ni haya:

1. Uvunjaji wa nyumba kwa nia ya kuiba.
2. Unyang'anyi.
3. Wizi wa mali aliyonayo mtu mwilini, kama vile simu na pochi.
4. Wizi wa magari.
5. Wizi wa vitu vilivyomo ndani ya magari.
6. Uharibifu wa mali.
7. Mashambulio yenye kusababisha majeraha.

Makosa hayo yalichaguliwa kwa sababu ni mengi, yana waathirika, na humgusa mkazi wa kawaida pale anapoishi na kupita kila siku. Kwa kila manispaa miongoni mwa manispaa 32 zinazohudumiwa na Metropolitan Police, idadi ya makosa ililinganishwa na mwaka wa msingi ulioishia Machi 2012. Kwa njia hiyo mkazi wa Croydon au Hackney aliweza kuona eneo lake linakwenda wapi, naye kamanda wa eneo alijua atakachoulizwa.

Faida ya utaratibu kama huo ni bayana. Ahadi inayotajwa kwa namba hupimika, na kiongozi aliyeitoa huweza kuulizwa. Vilevile, polisi hulazimika kufahamu ni mtaa upi unaoumia zaidi, ni saa ngapi na kwa kosa gani, badala ya kusambaza askari kwa mazoea.

Takwimu inapoanzia

Ili kuelewa kasoro ya kipimo hiki, ni vyema kufuata safari ya tukio moja. Mtu anarudi nyumbani na kukuta mlango umevunjwa. Kwanza, yeye mwenyewe huamua kama atatoa taarifa au atanyamaza. Akitoa taarifa, askari anayempokea huamua kama kosa limetendeka na kama liandikwe. Ni hatua inayofanana na ile ambayo Mtanzania hupewa namba ya RB kituoni, au Mkenya namba ya OB. Likiandikwa, askari huamua ni kosa la aina gani: uvunjaji, wizi wa kawaida au uharibifu wa mlango. Baadaye ofisi inaweza kulifuta kosa hilo ikijiridhisha kuwa halikutendeka.

Katika kila hatua, isipokuwa ile ya kwanza, kalamu imo mikononi mwa chombo kilekile kinachopimwa. Kamanda ambaye sifa yake inategemea kupungua kwa uvunjaji wa nyumba anaweza kupunguza uvunjaji kwa kuimarisha doria na kuwakamata wezi. Anaweza pia kupunguza uvunjaji ulioandikwa kwa kuruhusu baadhi ya matukio yaitwe wizi wa kawaida, au yasiandikwe kabisa. Katika jedwali la mwisho wa mwezi, njia zote mbili hutoa namba ileile. Mtaani, ya kwanza humpa mkazi usalama, ya pili humwacha na mlango wake uliovunjwa na kesi isiyo na faili.

Yaliyobainika mwaka 2014

Mwezi Novemba 2013, kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia utawala wa umma ilianza kusikiliza ushahidi kuhusu uaminifu wa takwimu za uhalifu. Miongoni mwa mashahidi alikuwemo konstebo wa Metropolitan Police, aliyeeleza namna makosa yalivyoshushwa uzito au kufutwa. Mwezi Januari 2014, Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza iliziondolea takwimu za uhalifu zinazoandikwa na polisi wa England na Wales hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa zilizothibitishwa ubora. Mwezi Aprili, kamati hiyo ya Bunge ilitoa ripoti yake na kulaani matumizi ya malengo ya namba katika kazi za polisi, kwa hoja kwamba yanachochea uandikaji usio sahihi.

Uchunguzi mpana zaidi ulifanywa na wakaguzi wa polisi katika majeshi yote 43 ya England na Wales. Ripoti yao ya Novemba 2014 ilikadiria kuwa asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa, sawa na makosa zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Kwa makosa ya ukatili dhidi ya mwili, kiwango kilifikia asilimia 33, na kwa makosa ya kujamiiana asilimia 26. Wakaguzi walipitia pia maamuzi 3,246 ya kufuta makosa yaliyokuwa yameandikwa, wakabaini kuwa 664 kati yake hayakuwa sahihi. Miongoni mwa makosa yaliyofutwa isivyostahili yalikuwemo ya ubakaji.

Ikumbukwe kuwa wakaguzi walitaja sababu mbalimbali, zikiwemo mafunzo duni, usimamizi hafifu na wingi wa kazi. Shinikizo la malengo lilikuwa mojawapo tu. Hata hivyo, kwa mwathirika madhara ni yaleyale. Kosa lisiloandikwa halipelelezwi, mtuhumiwa wake hatafutwi, na mwathirika hapati huduma anazostahili kisheria.

Jumla inayoficha

Kasoro ya pili ilihusu kujumlisha makosa yasiyolingana. Lengo la asilimia 20 lilihesabiwa kwa jumla ya makosa saba, kila kosa likiwa na thamani ya moja. Tuchukue mfano wa kubuni wa eneo lenye matukio 900 ya wizi ndani ya magari na mashambulio 100 yenye majeraha, jumla 1,000. Wizi ukishuka hadi 670, na mashambulio yakipanda hadi 130, jumla mpya ni 800. Lengo la asilimia 20 limefikiwa kikamilifu, ilhali waliojeruhiwa wameongezeka kwa asilimia 30.

Jambo linalokaribia hilo lilitokea London. Unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba na wizi wa mali mwilini viliandikwa kwa idadi ndogo zaidi katika kipindi cha mpango, lakini mashambulio yenye majeraha yaliongezeka katika takwimu. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na polisi kuanza kuandika kwa uaminifu zaidi baada ya ukaguzi. Hapa ndipo kipimo kinapoweza kumwadhibu aliyejirekebisha: kituo kinachoanza kuandika kila taarifa huonekana kimeshindwa, na kinachoendelea kuficha huonekana kimefaulu.

Ugumu wa mitaa midogo

Kadiri eneo linavyokuwa dogo, ndivyo asilimia inavyoweza kupotosha. Kata iliyokuwa na matukio matano ya unyang'anyi mwezi uliopita na manane mwezi huu imepata ongezeko la asilimia 60, ingawa huenda kundi moja la vijana lilipita hapo kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, takwimu za mtaa husomwa kwa mwaka mzima au zaidi, sambamba na idadi yenyewe ya matukio.

Kipimo kinachojitegemea

Njia iliyothibitika ya kupima takwimu za polisi ni kuzilinganisha na chanzo ambacho polisi hawakiandiki. England na Wales zina utafiti wa uhalifu ulioanza mwaka 1982, ambapo watu huulizwa majumbani mwao kama wametendewa uhalifu, wawe waliripoti au hawakuripoti. Utafiti huo hauwezi kueleza hali ya kata moja moja, kwa kuwa wanaohojiwa katika kila kata ni wachache mno. Lakini unaonesha mwelekeo wa jumla. Ulipolinganishwa na takwimu za polisi za miaka iliyotangulia 2013, ilibainika kuwa makosa yaliyoandikwa na polisi yalikuwa yakishuka kwa kasi kubwa kuliko yale yaliyoelezwa na wananchi. Pengo hilo lilikuwa ishara ya mapema kwamba uandikaji una walakini.

Kumbukumbu za hospitali kuhusu majeruhi na taarifa za kampuni za bima kuhusu magari yaliyoibwa hutoa msaada wa namna hiyo. Mauaji nayo hutumika kama kipimo cha kuaminika zaidi, kwa kuwa ni vigumu kuuficha mwili wa marehemu katika takwimu.

Mabadiliko ya mwaka 2017

Meya Sadiq Khan, aliyechaguliwa Mei 2016, alitoa mpango mpya mwezi Machi 2017 uliofuta malengo ya makosa saba. Badala yake, kila manispaa ilichagua makosa mawili ya kipaumbele kulingana na hali yake, pamoja na kero na vurugu za mitaani kwa manispaa zote. Makosa yenye madhara makubwa, yaani ukatili wa kijinsia, ukatili wa majumbani, unyonyaji wa watoto kingono, uhalifu wa silaha na uhalifu wa chuki, yalifanywa kuwa kipaumbele cha jiji zima. Kwa makosa ya aina hii, ongezeko la taarifa linaweza kuwa dalili njema, kwa kuwa waathirika wengi walikuwa wakinyamaza. Kuweka lengo la kupunguza idadi yake kungekuwa sawa na kuwaomba wasifike kituoni.

Namna ya kusoma taarifa ya uhalifu

Kutokana na uzoefu huo, mwananchi anayesoma taarifa ya kupungua kwa uhalifu katika jiji lolote anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

• Mwaka wa msingi. Ukichaguliwa mwaka uliokuwa na uhalifu mwingi kupita kawaida, upungufu huonekana mkubwa.
• Idadi yenyewe pamoja na asilimia, hasa kwa eneo dogo.
• Kila kosa peke yake. Jumla iliyoshuka inaweza kubeba ndani yake kosa zito lililopanda.
• Makosa yaliyofutwa au kubadilishwa jina, na kama mtu asiye wa kituo husika hukagua maamuzi hayo.
• Chanzo kingine cha taarifa, kama vile utafiti wa kaya au kumbukumbu za hospitali, na kama kinaonesha mwelekeo uleule.

Mwisho, takwimu za uhalifu huanza na mtu anayetoa taarifa. Anayefika kituoni na kuhakikisha tukio lake limeandikwa kwa jina lake halisi, akaondoka na namba ya kumbukumbu mkononi, anatetea haki yake, na pia anaifanya hesabu ya mtaa wake iwe ya kweli.