Mlima mmoja, majina mengi: Nani alimwonyesha Krapf theluji?

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kenya ni nani aliyevumbua Mlima Kenya, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: Johann Ludwig Krapf. Mwaka je? 1849. Jibu hilo limekaririwa na kutahiniwa miaka nenda miaka rudi. Hata watoto wa Embu na Meru, ambao asubuhi kukiwa hakuna mawingu huuona mlima wenyewe kupitia dirisha la darasa, hulikariri vivyo hivyo. Hakuna anayewauliza babu zao waliuitaje mlima huo kabla ya Krapf kuzaliwa.

Leo nataka tulipekue jibu hilo. Tarehe haina kasoro. Tatizo liko katika kitenzi.

Tuanze na yaliyotokea. Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka wa 1844 na baadaye akaweka kituo Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann aliona Kilimanjaro, na juu yake kitu alichokidhania kwanza kuwa wingu jeupe. Alipomwuliza kiongozi wake wa safari, huyo alimjibu kwa neno moja tu, ambalo Rebmann aliliandika 'beredi'. Sisi tunalijua: ni baridi. Tazama jibu hilo lilivyo na akili ndani yake. Msemaji hakutumia neno la theluji. Akakitaja kitu kwa kile kinachokufanya ukikigusa. Rebmann naye akaelewa mara moja.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Krapf. Alisafiri hadi Ukambani, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyeongoza misafara kati ya Kitui na pwani. Kivoi alikuwa amekwisha kumweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe juu yake. Krapf alikaa huko akisubiri mawingu yapungue, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona kutoka Kitui: vilele viwili vikubwa vilivyoinuka kama pembe, na juu yake weupe.

Sasa tufike mahali ambapo vitabu vya shule huruka. Huko huko Ukambani Krapf alikutana na mtu kutoka Uembu, ambaye jina lake ameliandika kuwa Rumu wa Kikandi. Mtu huyu alimweleza kwamba kwao si mbali na mlima. Alikuwa amefika mlimani mara nyingi, ila hakupanda juu sana. Kwa nini? Kwa sababu huko juu kuna kitu cheupe kiletacho baridi kali, na kitu hicho alikiita 'kirira'. Akaongeza kwamba kitu hicho hutoa maji bila kukoma, na kwamba maji hayo ndiyo asili ya mto mkubwa, yaani Tana.

Hebu tuyapime maneno hayo. Mwembu huyu alitaja rangi, akataja baridi, akataja kuyeyuka na akataja mto. Hayo ndiyo maelezo ambayo mwalimu wa jiografia angeyataka kwa mwanafunzi wake. Yaliandikwa na Krapf mwenyewe katika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Hakuna aliyeyaficha. Yamo humo, yakisubiri msomaji.

Na neno lenyewe, kirira? Kwa sikio langu, ndani yake mnasikika 'ira', neno ambalo kwa Wagikuyu, jirani na jamaa wa Waembu, lina maana ya chokaa nyeupe iliyotumiwa katika sherehe na pia theluji. Kwa hivyo, wakati wanajiografia wa Ulaya walipokuwa wakibishana kama theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta, hapa kwetu kulikuwa na watu waliokuwa na neno lake. Na watu hawaundi neno la kitu wasichokijua.

Ubishi wenyewe ulikuwa mkali. Kule London, William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga maeneo haya, alishikilia kwamba wamishonari hao walikuwa wameota. Theluji Ikweta? Haiwezekani! Ubishi haukwisha kwa siku moja. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson aliuona mlima kutoka upande wa Laikipia na kuthibitisha maneno ya Krapf. Mwaka wa 1887 Sámuel Teleki alipanda hadi zaidi ya mita 4,000. Na tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kilele cha juu kabisa, ambacho ni mita 5,199. Ilichukua nusu karne Ulaya kukubali bila shaka jambo ambalo Rumu wa Kikandi alilieleza akiwa ameketi kivulini.

Nirudi kwenye kitenzi. Kuvumbua ni kupata au kutambua jambo lililokuwa limefichika, lisilojulikana. Je, mlima huu ulikuwa umefichikia nani? Haukumficha Mmeru aliyelima chini yake. Haukumficha Mwembu aliyeamini kwamba juu yake ndiko aliko Mwene Njeru, Mwenyezi Mungu, mwenye weupe. Haukumficha Kivoi. Kumbe aliyefichikiwa ni msomaji wa Ulaya peke yake! Tukisema 'Krapf alivumbua', tunaazima macho ya msomaji huyo na kuyavaa sisi wenyewe.

Kiswahili kina kitenzi bora zaidi: Krapf *alionyeshwa* mlima. Kitazame kilivyojengwa. Kuna mzizi wa kuona. Kuna kiambishi cha kusababisha, mtu akimfanya mwingine aone. Na kuna kiambishi cha kutendwa. Kitenzi cha namna hii humdai mtendaji wake kama mdai wa deni. Ukisema 'alionyeshwa', msikilizaji hana budi kuuliza, 'Na nani?' Hapo ndipo Kivoi na Rumu wa Kikandi wanapoingia katika sentensi, bila kubembeleza mtu. Sarufi yetu ina uadilifu huo, tuutumie.

Tugeukie majina. Wagikuyu huuita mlima Kirinyaga. Wakamba huuita Kiinyaa. Wanaojua lugha hizi wataona kwamba ni jina moja lililopita katika vinywa viwili: Kikamba huangusha konsonanti ambazo jirani zake hubakisha. Kirima, yaani mlima, kwa Kikamba ni kiima. Nyaga inakuwa nyaa. Kuhusu maana, wapo wasemao ni mng'aro, na wapo wasemao ni mbuni. Hoja ya mbuni ina mashiko yake: mbuni dume ni mweusi mwenye manyoya meupe, na mlima huu ni mwamba mweusi wenye mabaka ya weupe. Ukiutazama kutoka Kitui, umbali wa kilomita nyingi, mbuni huyo utamwona.

Wameru huuita Kirimaara. Nusu ya kwanza ni ileile kirima. Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na mfanano wa kirima na kilima: kwetu kilima ni mlima mdogo, lakini Kimeru, Kiembu na Kigikuyu hakidogoshi kitu hapo, kirima ni mlima kamili. Jina zima hufasiriwa kuwa mlima wenye madoa au alama nyeupe. Wamaasai nao huuita Ol Doinyo Keri, mlima wenye mistari au madoa. Tazama basi: jamii ambazo lugha zao hazina undugu wa karibu, kila moja ikiwa upande wake wa mlima, zilichagua jambo lilelile la kutaja. Hazikutaja urefu wala ukubwa. Zilitaja weupe juu ya weusi.

Krapf alisikiliza Wakamba, kwa hivyo jina lililoingia katika ramani ni la Kikamba, akiliandika mara Kenia, mara Kegnia. Mwaka wa 1920, nchi iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ilipogeuzwa koloni, jina la mlima likapewa nchi nzima. Fikiria kama Krapf angepitia Tharaka na kutokea Meru: pengine leo tungekuwa Wakirimaara, na wimbo wa taifa ungehitaji mizani nyingine!

Silalamiki kuhusu jina la nchi. Nalipenda. Ninacholalamikia ni kwamba jina moja lilipopanda ramani, mengine yalishushwa na kuwa 'majina ya kienyeji', kama kwamba Kenya si la kienyeji. Hata vilele havikuachwa. Mackinder alivipa majina ya malaiboni wa Kimaasai, Batian, Nelion na Lenana. Angalau hayo ni majina ya Waafrika. Barafuto, yaani barafu kubwa ziteremkazo polepole mlimani, zilipewa majina ya wasomi wa ng'ambo: Lewis, Tyndall, Darwin. Mtu aliyesema kirira hana hata jiwe.

Na hapa nafika kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Weupe huo unaondoka. Mackinder alipopanda mwaka wa 1899 zilihesabiwa barafuto 18. Nyingi kati yake zimekwisha. Barafuto ya Lewis, ambayo ni miongoni mwa zilizochunguzwa sana katika nchi za joto, ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Mwaka wa 2022 UNESCO, ambayo iliutambua mlima huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 1997, ilionya kwamba barafuto zote za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi huenda zikatoweka kufikia mwaka wa 2050.

Wakulima wa Embu na Meru wasiwe na hofu isiyo na msingi: maji mengi ya Rupingazi, Thuci, Nithi na Kathita hutokana na mvua na msitu, si barafu hiyo ndogo iliyobaki. Kwa hiyo anayelinda msitu analinda mto. Lakini lugha itapata pigo ambalo msitu hauwezi kulizuia. Mtoto atakayezaliwa Chogoria miaka michache ijayo ataambiwa kwamba mlima ule ni Kirimaara, mlima wenye madoa meupe, atainua macho na kuona mwamba mtupu. Atauliza, 'Madoa yako wapi?' Mwembu mwenzake ataambiwa habari za Mwene Njeru na kuuliza njeru yenyewe iko wapi. Siku hiyo jina litakuwa limegeuka kutoka maelezo kuwa ushahidi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ushahidi huo uwekwe sasa, wangali hai wanaoweza kuutoa. Walimu wa Meru, Tharaka-Nithi, Embu na Kirinyaga wana wanafunzi wenye nyanya na babu. Wawatume na daftari: waulize theluji iliitwaje, barafu ya alfajiri iliitwaje, mvua ya mawe iliitwaje, na kila kijito kinachotoka mlimani kina jina gani na kwa nini. Kamusi za Kiswahili, ambazo zilichukua theluji kutoka Kiarabu na barafu kutoka Kiajemi, hazitapungukiwa heshima zikitia neno la Kiembu kando yake. Krapf mwenyewe, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882 baada ya kifo chake, alijua thamani ya kuandika neno kama lilivyotamkwa. Kwa kuandika kirira, alitutunzia jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelipoteza.

Na watunzi wa mitihani, tafadhali: swali linalofuata liulize ni akina nani walimwonyesha Krapf Mlima Kenya. Alama zitolewe mbili, moja kwa Kivoi, moja kwa Rumu wa Kikandi.