Ndege Aliyewalinda Wachimbaji

Sisi tunaopika kwa makala twajua kwamba moshi huumiza macho na kumfukuza mtu nyumbani. Lakini motoni hutoka pia hewa nyingine isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kimya. Jina lake monoksidi ya kaboni. Watu waliitambuaje? Sikilizeni habari yake.

Tarehe 27 Januari 1896, shimo la makaa ya mawe la Tylorstown, katika Wales, lililipuka. Wachimbaji 57 walikufa. Daktari Mskoti, John Scott Haldane, alichunguza maiti. Aliona kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Walivuta hewa ile ya sumu iliyobaki shimoni. Haldane aliijua: mwaka 1895 alikuwa ameivuta mwenyewe, akiandika yaliyompata. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kupita hewa ya uzima. Kichwa chauma, miguu yalegea, usingizi waja, na mtu haamki tena.

Basi Haldane alishauri wachimbaji washuke na mnyama mdogo, panya au ndege aitwaye kanari. Ndege huyu hupumua upesi sana, kwa hiyo sumu humwangusha kabla ya mtu. Akianguka, watu wakimbie! Tangu mwaka 1911 machimbo ya Uingereza yalitumia kanari; mwaka 1986 ndipo ilipoamuliwa vyombo vishike kazi yao.

Siku hizi vyombo vya namna hiyo hutundikwa hata nyumbani, navyo hulia kwa sauti kuu. Lakini angalieni: kimoja hutambua moshi, kingine hutambua sumu hii, cha moshi peke yake hakitoshi. Kila mwezi bonyeza kitufe chake usikie kama kinalia. Badili batri zikichoka. Tena soma mwaka ulioandikwa juu yake, maana chombo nacho huzeeka. Kikilia, toeni watoto wote nje kwanza.

Kanari aliyenyimwa chakula hakumwonya mtu. Vivyo hivyo chombo kisicho na batri ni kizimba kitupu ukutani. Na asiye na chombo asiingize mbabula chumbani usiku wa baridi, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Moshi umekwisha, sumu ingalipo.