Liwali Amwandika Akida: Mbarak Ali Hinawy na Historia ya Mji wa Mombasa

Mwaka 1950 kampuni ya Macmillan ya London ilichapisha kitabu cha Mbarak Ali Hinawy kiitwacho Al-Akida and Fort Jesus, Mombasa. Hinawy hakuwa mwanahistoria wa chuo kikuu. Alikuwa mwenyeji wa Mombasa, mkusanyaji wa miswada na tungo, na mtumishi wa serikali aliyepanda hadi kuwa Liwali wa Pwani. Watafiti wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hukiendea kitabu hicho kwa haja moja, nayo ni kuchota mashairi. Huyanukuu, huyachambua bahari na lahaja yake, kisha hukirudisha kitabu rafuni. Makala haya yanadai kwamba mashairi hayo yakishatengwa na masimulizi yaliyoyabeba, hupoteza sehemu kubwa ya maana yake, na kwamba masimulizi yenyewe yanastahili kusomwa kama matini ya mtu mwenye nafasi yake mahususi katika mji.

Kisa chenyewe kinafahamika. Muhammad bin Abdallah bin Mbarak Bakhashweini alikuwa Akida, yaani mkuu wa askari wa Sultani wa Zanzibar ndani ya ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Utawala wa Mombasa wakati huo ulikuwa na vichwa viwili: Liwali mjini, Akida ngomeni. Akida alipoasi, Sultani Barghash hakuweza kumtoa kwa nguvu zake mwenyewe. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga ngome kwa mizinga na Akida akasalimu amri. Ikumbukwe kwamba mwaka 1873 Barghash huyohuyo alikuwa ametia sahihi, kwa shinikizo la Waingereza, mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa baharini. Aliyemlazimisha jana ndiye aliyemwokoa leo. Anayetaka kuelewa jinsi mamlaka ya Sultani yalivyogeuka kivuli katika Pwani hahitaji kusubiri mikataba ya miaka ya 1890. Kisa cha Akida kimekwisha kuionyesha njia.

Sasa tutazame nani anasimulia. Kwa makubaliano ya mwaka 1895, ukanda wa Pwani ulitawaliwa na Waingereza huku enzi yake ikiendelea kuhesabiwa kuwa ya Sultani, na bendera nyekundu iliendelea kupepea juu ya ngome. Liwali alikuwa alama hai ya mpango huo: mtu wa Sultani kwa cheo, mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa mshahara. Basi hapa Liwali anamwandika Akida. Mwenye ofisi ya mji anasimulia habari za mwenye ngome aliyekaidi enzi ileile ambayo msimulizi anaiwakilisha. Wala si jambo dogo kwamba mwaka 1950 ngome ilikuwa bado jela, kama ilivyokuwa tangu 1895 na kama ilivyobaki hadi 1958. Neno gereza, ambalo wanaisimu wengi hulinasibisha na neno la Kireno la kanisa, lilikuwa na maana halisi kabisa kwa wasomaji wa kwanza wa Hinawy: lile jengo walilolipita kila siku, wenzao wakiwa ndani.

Uandishi wa habari za miji si mgeni kwa Waswahili. Khabari Lamu ya Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1938, ni mfano mmoja. Katika utanzu huo mhusika mkuu ni mji: nasaba zake, vita vyake, na watawala wanaofuatana mmoja baada ya mwingine. Hinawy, ambaye alishirikiana na Hichens na aliujua vyema utanzu huo, alifanya jambo tofauti. Alimchukua mtu mmoja, tena aliyeshindwa, akauonyesha mji kupitia kwake. Anwani ndogo ya kitabu inaahidi historia ya maisha ya mtu huyo pamoja na nyimbo na mashairi ya zama zake. Kwa maoni yangu, neno pamoja ndilo lenye uzito.

Nyimbo za vita na mashairi ya kujibizana hayatuambii moja kwa moja kilichotokea. Hutuambia watu walibishana vipi kuhusu kilichotokea, nani alikejeliwa na nani aliogopwa. Utungo wa Kimvita wa karne ya 19 ulikuwa tendo la kisiasa. Hilo tunalijua tangu Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake kuhusu uhasama wa Mazrui na Seyyid Said ni fumbo tupu kwa asiyejua tukio. Hali ni hiyohiyo kwa nyimbo za zama za Akida. Tukizinukuu peke yake, mtajwa hana sura na kijembe hakina shabaha. Hinawy alikuwa na faida ambayo mhariri wa baadaye hawezi kuinunua: aliishi karibu na watu waliozirithi nyimbo hizo kwa mdomo.

Hata hivyo, kuna gharama. Simulizi lake liko kwa Kiingereza, na Kiswahili kimo ndani yake kama ushahidi, si kama sauti inayosimulia. Mwenzake wa zama zilezile, Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu, na kazi hiyo haikuchapishwa hadi 1995. La ajabu ni kwamba Sheikh Al-Amin ndiye aliyetoa Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, akiwahutubia watu wa Mombasa kwa Kiswahili kuhusu dini na jamii. Kiswahili kilitosha kuwaonya watu. Kuhifadhi historia yao kulipewa lugha nyingine. Uchaguzi huo haukutokana na uhaba wa msamiati. Ulitokana na swali la nani alidhaniwa kuwa msomaji, na kwa Hinawy msomaji huyo, kwa sehemu kubwa, alikuwa London na Nairobi.

Ndiyo maana toleo jipya linahitajika, litakalosimulia kisa kwa Kiswahili na kuziacha nyimbo mahali pake katika masimulizi, zikiwa na maelezo ya Kimvita na ya watu waliotajwa. Toleo hilo litalazimika pia kuuliza yale ambayo Liwali hakuwa na sababu kubwa ya kuyauliza: Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yalisimama wapi mizinga ilipolia, na watumwa walikuwa upande gani wa kuta.