Kutafuta nyaraka za kale mtandaoni: niliyoyapata nikimtafuta babu mpagazi

Wiki kadhaa sasa nashinda mtandaoni namtafuta mtu mmoja tu, babu yake bibi yangu. Alichukuliwa na Waingereza kuwa mpagazi kwenye Vita Kuu ya Kwanza na hakurudi. Bibi umri umekwenda, anachotaka ni kujua alizikwa wapi, basi. Mimi nimeishia kidato cha nne, sio mwanahistoria, ila nimejifunza mambo ambayo nikikaa nayo peke yangu nitakuwa mchoyo.

PA KUANZIA

1. Internet Archive (archive.org). Ipo tangu 1996 na ni bure. Utakuta vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki, mfano kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya 1882. Unasoma hapo hapo au unashusha.

2. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani (Bundesarchiv). Mtambo wao wa kutafutia unaitwa invenio. Mafaili ya ofisi ya makoloni yana alama R 1001, na mengi yameshapigwa picha. Kazi ipo kwenye mwandiko, Kijerumani cha kale kinasumbua hata Wajerumani wenyewe. Mafaili mengine ya Wajerumani yapo hapa hapa kwetu, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

3. SOAS, London. Wana hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua.

4. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC). Unaandika jina, unachagua nchi na vita, inakuletea kaburi au mnara.

MBINU

Usitafute kwa tahajia ya leo tu. Andika "Suaheli", "Suahili", "Daressalam", "Deutsch-Ostafrika", "Tanganyika Territory". Wapagazi tafuta "Carrier Corps", "porters", na kwa Kijerumani "Träger". Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge kwenye alama za kunukuu. Punguza kwa miaka, mfano 1914 hadi 1918. Ukikosa usikate tamaa haraka, maana magazeti ya zamani yamesomwa na kompyuta na herufi za Kijerumani za kale huwa inazikosea, S inaiona F. Fungua toleo lenyewe upitie kwa macho. Na ukipata kitu, andika namba ya faili na ukurasa HAPO HAPO. Mimi nilipoteza ukurasa mmoja cafe, siku mbili naurudia.

NILICHOKIPATA

Jina la babu sikuliona. Mwanzo nilidhani nimekosea kutafuta. Kumbe mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Yaani mtu anabeba mzigo wa jeshi mpaka anakufa, halafu hata jina haliandikwi! Sisi tunakwenda Kariakoo kununua viatu, na jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi hao hao.

Nikamweleza bibi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi mjukuu wangu, kalamu si unayo? Andika wewe." Nikaandika jina lake, la baba yake, ukoo, kijiji na nani alikuwepo siku aliyochukuliwa. Kurasa tatu. Nimezipiga picha na kuzihifadhi sehemu tatu tofauti.

Kwa hiyo wadau, tafuteni mtandaoni, lakini anzeni na wazee wa nyumbani maana wao hawana nakala. Kama kuna aliyewahi kupata jina la mpagazi kwenye hifadhi yoyote, tafadhali aweke hapo chini na namba ya faili. Tupeane maarifa.